Program yangu iligeuza mvua kubwa kuwa sifuri, na baba yangu akaonekana mwongo mbele ya kijiji

Wakuu, heshima yenu popote mlipo.

Mimi humu ni msomaji tu. Nyuzi zenu za programming nazisoma kimya kimya, nacheka peke yangu, naondoka. Leo nimeamua kuandika.

Jana kuna kijana kauliza: "Kwa nini nijisumbue kuhakikisha mtumiaji ameandika namba? Si kama siyo namba naweka sifuri tu, program inaendelea?"

Mkamjibu kwa code. Majibu mazuri kabisa. Ila mimi lile swali lilinikamata, nikaacha kusahihisha mitihani, nikakaa nikiangalia dirishani kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba. Kwa sababu hiyo sifuri mimi niliiweka. Na najua ilifanya nini.

Yote nitakayosema yalitokea kweli. Majina ya watu nimebadili. Mimi niiteni Tekla.

Nimezaliwa na kukulia kijiji kimoja jirani na Chiwata, Masasi. Kazi ya ualimu nilipangiwa Newala, juu mlimani, na mpaka leo niko huko, nafundisha hesabu. Wanaoijua Newala wanaijua asubuhi yake. Ukungu mpaka mlangoni, walimu tumevaa makoti, mwanafunzi wa mstari wa nyuma humwoni vizuri mpaka kipindi cha pili.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, akastaafu. Kijiji kizima kilimwita Mwalimu, hata wale ambao hakuwahi kuwafundisha herufi moja.

Sasa, baba alikuwa na jambo lake moja. Alipima mvua.

Kipimamvua chenyewe kilikuwa mtungi mdogo wa bati, juu una faneli, ndani chupa yenye mistari ya milimita. Kilikaa nyuma ya nyumba, mbali na miti. Kila siku saa tatu asubuhi, iwe kumenyesha au jua linawaka, alikwenda kuangalia, kisha akaandika kwenye counter book. Jumapili alikuwa anatoka kanisani kabla ya matangazo ili awahi saa tatu yake. Padri alishamzoea, akimwona anasimama anajua muda umekwenda.

Chupa ya mwanzo iliyokuja na kile kifaa ilivunjika nikiwa mdogo. Akatafuta nyingine, ndogo kidogo, akaichora mistari mwenyewe. Hiyo ya pili ilibeba milimita sitini tu, ikizidi hapo inamwagika. Mliweke akilini hilo la sitini maana linahusika hapo mbele.

Nikiwa darasa la tatu alinifundisha kusoma ule mstari.

"Inama. Jicho liwe sawa na maji. Ukisoma kwa juu unajidanganya."

Nilikuwa nainama mpaka kidevu kinagusa udongo uliolowa, nasoma, yeye anaandika. Nikisema "kumi na mbili na nusu" anaandika 12,5. Siku kavu anachora kistari tu, hivi: -

Nikimkumbuka baba, picha ya kwanza inayonijia ni hiyo. Peni sikioni, counter book kwapani, anatembea taratibu kwenye umande kama mtu anayekwenda kusalimia mgonjwa.

Mpaka mwaka ninaousimulia alikuwa amefanya hivyo miaka kumi na tisa. Hakuna aliyemtuma.

Tuje Newala.

Mwaka wangu wa pili kazini shule yetu ilipata kompyuta chache zilizotumika. Mwenzangu mmoja, Mwalimu Saidi, mwenyeji wa pale pale Newala, ndiye alikuwa anafundisha kompyuta. Akajitolea kutufundisha Python, lugha ya programming, walimu tuliotaka, baada ya vipindi. Tulianza tisa. Wiki ya tatu tukabaki wawili, mimi na yeye mwalimu mwenyewe.

Program yangu ya kwanza kabisa ilikuwa inauliza umri, halafu inakwambia umebakiza miaka mingapi kustaafu. Niliipenda kama mtoto. Nikamwita Saidi aje aijaribu.

Akakaa. Akaulizwa umri. Akaandika: thelathini na nne. Kwa maneno.

Ikaanguka pale pale. Mistari myekundu ya error, ValueError, mambo mengi.

Nikamwambia, "Sasa wewe, si inajulikana unatakiwa kuandika namba?"

"Inajulikana na nani?" akanijibu. "Wewe unajua kwa sababu umeiandika. Mimi nimeulizwa umri, nimejibu umri. Nimekosa wapi?"

Akanifundisha kwamba kila anachoandika mtumiaji kinaingia kama maandishi, hata akiandika 34. Kwamba unajaribu kukigeuza namba kwa try, kikigoma unakamata kosa kwa except, unamweleza mtumiaji kwa lugha nzuri, kisha unamuuliza tena. Unarudia mpaka alete namba.

Nikaielewa. Naomba mkumbuke wakuu, nilifundishwa vizuri. Nilichokifanya baadaye sikukifanya kwa ujinga, nilikifanya kwa kukosa subira.

Mwaka huo huo, kule nyumbani alikuja afisa ugani mpya, Dada Neema, mwenyeji wa Songea. Mchapakazi kweli, anaingia shambani na buti zake. Kuna kikundi cha akina mama kilitaka kufungua shamba la pamoja la mpunga kule bondeni, pembeni ya kijito. Ardhi nzuri, nyeusi, maji karibu. Dada Neema akawa na swali moja tu: mvua kubwa huwa zinakuja mara ngapi? Maana bonde likipata mafuriko Februari, mpunga wote unakwenda na jasho lao.

Akasikia Mwalimu ana madaftari. Akaja nyumbani. Baba alifurahi, mama anasema siku ile alivaa shati la Pasaka.

Lakini kujumlisha miaka kumi na tisa kwa mkono? Baba akanipigia simu Newala.

"Tekla, si ulisema unajifunza kuiamrisha kompyuta? Basi ipo kazi."

Wakuu, nilijiona nimefika. Baba anahitaji kitu, na mimi ndiye ninayekiweza.

Nikaandika program. Inauliza tarehe, inauliza mvua ya siku hiyo, inahifadhi, mwisho inatoa jumla ya kila mwezi. Na niliweka ile kinga ya Saidi: ukiandika kisicho namba inakwambia "Andika namba tafadhali" na kukuuliza tena.

Shida ikawa nani ataingiza. Mimi niko Newala nafundisha. Pale Masasi mjini, mtaa wa karibu na stendi, kulikuwa na mama mmoja mwenye stationery, Mama Rehema, mtu mzima, zamani alikuwa mpiga chapa ofisini. Vidole vyake havikuwa vya dunia hii. Anachapa huku anaongea na wewe na kukutazama usoni. Nikampelekea madaftari, nikamwekea program kwenye kompyuta yake, nikamwelekeza.

"Shikamoo mama, unaandika tu kile kilichoandikwa na Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Mimi kazi yangu siku zote ni kuandika kilichoandikwa."

Siku ya pili simu.

"Tekla, hiki kitu chako kinanigomea. Nimeandika nne na nusu, kinaniambia andika namba. Nne na nusu siyo namba?"

Kumbe anaandika 4,5 kwa mkato kama baba, na Python inataka nukta. Jumamosi nikashuka Masasi, nikaongeza kipande cha kugeuza mkato kuwa nukta. Nikarudi zangu mlimani.

Siku ya nne simu tena.

"Bado kinagoma. Nikiweka kistari kinagoma. Mahali pengine naandika namba kabisa, mwanangu, naiona kwa macho yangu, kinagoma. Nimekwama daftari la kwanza na mkono unaniuma kwa kurudia."

Pale ndipo nilipokosea.

Nilikumbuka kistari. Kistari cha baba ni siku kavu, ni sifuri, nilikijua tangu darasa la tatu. Nikajisemea, basi, kisichokuwa namba ni kistari, na kistari ni sifuri. Jumamosi iliyofuata nikashuka, nikafuta yale maswali ya kurudia yote, nikaandika hivi:

try:
    mm = float(mvua)
except:
    mm = 0

Mistari minne. Mama Rehema akajaribu, ikapita bila kugoma. Akacheka, "Eeh, sasa ndiyo kompyuta."

Wiki mbili madaftari yote yakaisha. Nikatoa karatasi yenye jumla za miezi, nzuri, imepangika. Nikampa Dada Neema mkononi. Baba sikumwonyesha kwanza, nilitaka aione mkutanoni mbele za watu, ajivunie.

Mkutano ulikuwa mwanzoni mwa Desemba, kwenye darasa la shule ya msingi. Mimi nilikuwa likizo, nimekaa mstari wa tatu. Baba mbele kabisa.

Dada Neema akasimama na karatasi yangu.

"Kwa kumbukumbu za Mwalimu za miaka kumi na tisa, hakuna Februari hata moja iliyokuwa na mvua ya kutisha. Bonde halina tatizo."

Akina mama wakapiga makofi. Kisha akanyanyuka Bi Asumini, bibi mmoja mwenye mikorosho yake jirani na kijito.

"Mwanangu, nisamehe. Mwaka ule kalavati lilipobebwa, maji yalifika kwenye n'korosho wangu wa mwisho. Mimi mbuzi niliwapandisha kitandani."

Watu wakacheka. Dada Neema, kwa upole, akatafuta kwenye karatasi.

"Bibi, mwaka huo Februari nzima ni milimita thelathini na moja. Hiyo ni mvua ndogo sana."

Sauti moja ikatoka nyuma, ya mwanaume: "Basi Mwalimu alikuwa anapima huku kalala!"

Darasa zima likaangua kicheko. Hakikuwa kicheko kibaya, kilikuwa kicheko cha watu wanaojuana. Lakini niliona shingo ya baba kwa nyuma. Ilikakamaa.

Akasimama. Akaomba karatasi. Akavaa miwani, akasoma kwa muda mrefu, kidole kinashuka mstari kwa mstari. Kisha akageuka. Akaniangalia mimi.

Wakuu, alijua. Alijua hizo siyo namba zake, na alijua zimetoka kwa nani. Angesema neno moja tu, "Muulizeni Tekla," yangekwisha.

Akamrudishia Dada Neema karatasi.

"Huenda nilikosea," akasema. Akakaa.

Miaka yangu yote sikuwahi kumsikia baba akisema hivyo kuhusu yale madaftari.

Na mimi nilinyamaza. Sitajipamba hapa. Nilikuwepo, mdomo ninao, nikanyamaza. Nilijiambia labda kweli alikosea. Bonde likapitishwa, na usafishaji wa shamba ukapangwa kuanza baada ya wiki mbili.

Njiani kurudi hakusema kitu juu ya mkutano. Alizungumzia mihogo.

Kesho yake asubuhi nilikuwa jikoni na mama. Saa tatu ikafika. Baba amekaa barazani, hatikisiki.

Mama akamwita, "Baba Tekla, saa tatu hiyo."

"Nenda wewe," baba akajibu. "Weka chochote."

Mama akafuta mikono kwenye kanga, akaenda. Mimi nikaingia ndani, nikatafuta daftari la mwaka wa kalavati, nikafungua Februari.

Siku tano za kwanza namba. Kisha:

Imefurika.

Siku iliyofuata: Imefurika tena. Chupa haitoshi.

Halafu: Sikuwepo. Mama Tekla kalazwa Masasi.

Sikuwepo.

Sikuwepo. Mvua kubwa njia nzima, nimevuka kijito kwa kamba. Kalavati limekwenda.

Na chini yake, kwenye safu hiyo hiyo ya milimita, kwa mwandiko mdogo kuliko mwingine: Tekla asiambiwe. Ana mitihani.

Nilikaa chini sakafuni.

Mwaka ule nilikuwa chuo cha ualimu. Nilikuwa nikipiga simu nyumbani naambiwa wote wazima. Mama alilazwa wiki tatu, mimi nikiwa nafanya mitihani na kulalamika chakula cha chuo. Na hayo yote yalikuwa yameandikwa. Mama Rehema aliyachapa kwa uaminifu neno kwa neno, yakaingia kwenye mashine yangu, na mashine yangu ikaandika 0.

Zile siku ambazo mvua ilishinda chupa, ndizo nilizoziita siku kavu.

Nikatoka na daftari mpaka barazani. Nikasema tu, "Baba, hukukosea. Ni mimi."

Nikamweleza. Mambo ya try na except nikamwelezea kwa lugha ya kawaida: kwamba nilichoka mashine kuuliza uliza, nikaiambia isiulize tena, chochote isichokielewa iandike sifuri.

Akasikiliza mpaka mwisho.

"Hata darasani," akasema, "mtoto akijibu kitu usichokielewa, humpi sifuri. Unamuuliza, unamaanisha nini?"

Basi.

Mama alikuwa mlangoni. Nikamuuliza, "Mama, kwa nini hamkuniambia ulikuwa umelazwa?"

"Nilikataza mimi. Ungekuja. Ungeacha mitihani, ungekuja kunikalia kitandani ulie, halafu leo ungekuwa nani?" Kisha akamgeukia baba. "Na wewe nilikwambia usimwambie mtu, ukaenda kumwambia daftari."

Baba akacheka. Kicheko cha kwanza tangu mkutano.

Siku hiyo hiyo nilikwenda Masasi kwa Mama Rehema. Kuna jambo bado lilinisumbua: namba halali zilizokuwa zinagoma. Nikamwomba achape ukurasa mmoja nikiangalia vidole.

Akafika kwenye 12. Kidole hakikwenda kwenye 1. Kilikwenda kwenye l, herufi, ile ya lulu.

"Mama, mbona unaweka herufi?"

"Taipureta yetu haikuwa na moja, mwanangu. Moja yetu ndiyo hiyo hiyo. Ukiitazama si inafanana?"

Inafanana kabisa. Kwenye karatasi hakuna atakayeona tofauti. Lakini kwa Python, l2 siyo namba, na kwa program yangu ilikuwa sifuri. Kila siku yenye moja ndani yake, ilifutika.

Nikamuuliza kama aliyasoma yale maneno mengine, ya hospitali.

"Niliyasoma," akasema taratibu. "Nilijua unayajua. Ni baba yako."



Nikaandika program upya. Ile kinga ya Saidi nikairudisha, nikaongeza mambo. Kistari peke yake ndicho kikawa sifuri. Mkato unageuzwa nukta. Namba hasi inakataliwa, maana mvua hairudi juu. Ikikutana na kisicho namba inasimama, inaonyesha kile ulichoandika, inauliza: "Hii siyo namba. Umekosea kuchapa, au ni maelezo?" Ukisema maelezo inayahifadhi pembeni kama yalivyo, na siku ile inabaki wazi. Inahesabiwa kama siku isiyojulikana, na mwisho wa mwezi inakwambia siku zisizojulikana ni ngapi na zimeandikwaje.

Safari hii sikumpa mtu aingize. Kila siku baada ya chakula cha mchana tulikaa barazani. Baba anasoma, mimi nachapa. Laptop naichaji asubuhi kwenye sola ya jirani. Tulichukua miezi ya mvua tu, ili tuwahi.

Wakuu, hizo ndizo siku ninazozikumbuka kuliko siku yoyote ya utu uzima wangu.

Kwa sababu program ilikuwa inasimama. Kila ikisimama, tunasimama.

"Hapa umeandika 'mbuzi'. Mbuzi nini baba?"

"Mbuzi wa jirani alipiga teke kipimo."

"Hapa 'kipaimara'."

"Kipaimara chako. Askofu alichelewa, nikarudi saa saba, nikaona siyo haki kuandika."

Mama kutoka jikoni: "Siyo saa saba, ni saa tisa. Na ulirudi na viatu vya mtu mwingine."

"Hapa umeandika 'nyuki' siku nne mfululizo."

"Walihamia kwenye faneli. Nikawaachia."

Siku za namba tupu tulipita haraka, kumi, ishirini, thelathini. Kwenye siku za maneno tulitumia nusu saa. Nilimfahamu baba yangu pale barazani kupitia vitu ambavyo program yangu ilishindwa kuvielewa.

Siku ya mwisho ikasimama kwenye neno moja ambalo hata yeye hakulisoma, wino ulikuwa umelowa. Ikauliza lile swali lake. Baba akaisogelea skrini, akaisoma kwa sauti, akatingisha kichwa kuridhika.

"Mashine yako sasa imepata adabu. Haijui, inauliza."

Mkutano wa pili niliuomba mwenyewe kwa mwenyekiti wa kijiji. Ilikuwa siku mbili kabla ya kuanza kusafisha bonde. Nilisimama mbele.

Nikasema: "Karatasi mliyosomewa ilikuwa na makosa, na makosa ni yangu. Baba alipoandika kwamba chupa imefurika, mimi nilihesabu kwamba hakukunyesha. Siku ile nilikuwa nimekaa pale, nikajua amenifichia kosa, nikanyamaza. Naomba radhi kwake na kwenu."



Bi Asumini ndiye aliyesema kwanza. "Kwa hiyo mimi na mbuzi wangu tulikuwa sahihi."

Watu wakacheka mpaka Dada Neema akafuta machozi. Kisha akamwomba baba asome mwenyewe. Baba akasoma Februari ile siku kwa siku, namba na maneno. Akaruka mstari mmoja tu, nami nikajua ni upi. Yule mwanaume wa nyuma akaja mbele, akampa mkono kwa mikono miwili, "Nisamehe Mwalimu." Baba akamwambia yamekwisha.

Shamba likahamishwa juu kidogo, sehemu yenye udongo mwepesi zaidi. Akina mama kadhaa walinuna, bonde lilikuwa zuri kwa macho. Msimu ule mvua ikaja ya kawaida, wakaninunia zaidi. Msimu uliofuata, Februari, baba akanipigia Newala saa tatu na dakika kumi.

"Maji yamepita bondeni tangu alfajiri. Mpunga wa juu umesimama." Kisha akaongeza, "Nimeandika imefurika."

Baba alifariki miaka mitatu iliyopita. Mama yupo, ana nguvu, na bado anabisha kuhusu saa tisa.

Sasa nimjibu yule kijana wa jana.

Mdogo wangu, sifuri ni jibu. Ukiiweka mahali ambapo hukupata jibu, umejibu kwa niaba ya mtu bila kumuuliza, na atakayesoma hatajua. Program ikianguka utajua kuna tatizo. Ikisema uongo kwa adabu, utapigiwa makofi, halafu mtu mwingine ndiye atasimama darasani na kusema huenda alikosea. Uliza tena. Ukichoka kuuliza, hifadhi kile alichoandika kama kilivyo, utakuja kukielewa siku nyingine. Na except tupu, isiyotaja ni kosa gani inakamata, iache kabisa. Iandike except ValueError, ili makosa mengine usiyoyajua yasijifiche humo.

Na ninyi wengine wenye wazazi hai. Kama mzazi wako ana daftari lolote, la kwaya, la mbegu, la mahudhurio ya jumuiya, usiwape watu wa stationery wakuchapie. Kaa naye. Yeye asome, wewe uchape, na kila asichoelewa mtu, simameni hapo.

Wenye code nzuri zaidi ya kucheki namba leteni, nitaichukua darasani. Na waliowahi kuweka sifuri kama mimi wajitokeze hapa chini watuambie ilimgharimu nani. Hakuna atakayewacheka.